Kipupwe cha Kambove na safari ya kuteremka

Juni na Julai, Kambove ni mji wa baridi. Anayeijua Kongo kwa ramani tu hupata shida kuamini, maana jina la nchi hiyo humletea picha ya msitu, mvua na jasho. Lakini Kambove, kaskazini-magharibi ya Likasi, iko juu ya uwanda wa Katanga ya kusini, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Kufikia Mei mvua zimekwisha kukoma, mbingu imebaki wazi, na joto lote la mchana huondoka na jua. Alfajiri kipimo hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na usiku mwingine hukaribia 5. Kaskazini ya mji ardhi inaanguka. Upande mmoja inateremka kwenye bonde la Lufira, penye maporomoko ya Kiubo na tambarare ya Bunkeya. Upande mwingine, ukishavuka nyasi za Biano, inateremka hadi Bukama, kwenye kingo za Lualaba, karibu mita 600 tu juu ya bahari, na mbele yake maziwa ya Upemba na Kisale. Katika miezi hii ya baridi ndipo watu wa Likasi na Kambove wenye nafasi na nauli huelekea huko chini: kwa ndugu, kwa samaki, kwenye maporomoko, kwenye ziwa la Mwadingusha. Wengi huiona safari hiyo kuwa mambo ya juzi, yaliyokuja na gari la Mbelgiji na likizo yake. Hoja ninayoitetea hapa ni kinyume cha hiyo. Kuteremka wakati wa kipupwe ni miongoni mwa desturi kongwe kabisa za uwanda huu. Ni kampuni ya madini iliyoikata, na kalenda ya shule ikairudisha bila mtu yeyote kukusudia.

Ushahidi wa kwanza uko ardhini, tena uko mbali na Kambove. Mwaka 1957 na 1958 wanaakiolojia Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, na kuanzia miaka ya 1970 Pierre de Maret aliiendeleza kazi hiyo katika bonde zima la Upemba. Waliyoyakuta yanajulikana vizuri: vyungu vya ufundi wa hali ya juu, mifupa ya samaki, zana za chuma, na shaba. Shaba hiyo imo katika makaburi yaliyozidi umri wa miaka 800, kwa umbo la bangili, mikufu na nyaya nyembamba zilizosokotwa. Kuanzia karne ya 14 hivi inaonekana katika umbo jingine, lile ambalo Katanga inaliheshimu hadi leo, yaani msalaba wa shaba. Misalaba ya mwanzo ni mikubwa, mmoja kwa maiti, umelazwa kifuani. Ya baadaye ni midogo, mingi, na imefungwa mafungu kiunoni au karibu na mikono ya marehemu, nao wataalamu wameona katika mabadiliko hayo dalili ya kitu cha heshima kilichogeuka kuwa fedha ya kununulia na kulipia.

Sasa, bonde la Upemba halina shaba. Lina matope, mafunjo, samaki na ardhi ya rutuba. Shaba iko kusini, kwenye mkanda wa milima unaopita Kambove, Likasi na Kolwezi. Kwa hiyo kila msalaba uliozikwa Sanga ulibebwa kichwani au begani kwa siku nyingi, kutoka nchi ya juu yenye baridi hadi nchi ya chini yenye joto. Wachukuzi hawakurudi mikono mitupu. Uwanda wa Kambove ni maskini wa samaki, na samaki mkavu ni mzigo mwepesi unaovumilia safari. Tuna hapa, basi, njia iliyotumika kwa karne nyingi, yenye ncha mbili tunazozijua. Kinachobaki ni kuonyesha kwamba ilikuwa njia ya msimu, na kwamba msimu wenyewe ulikuwa huu wa baridi.

Hapo inatufaa kazi ya Jean-Félix de Hemptinne, mkuu wa misheni ya Wabenedikto Katanga na baadaye askofu, ambaye mwaka 1926 alichapisha maelezo ya wayeyushaji wa kale, watu aliowaita walaji wa shaba. Alikusanya habari zake kwa wazee wa Kiyeke waliokuwa wameifanya kazi hiyo wenyewe kabla ya Wazungu kuipiga marufuku. Mtama ukishavunwa, mwezi wa Mei, kiongozi wa wachimbaji alitangaza kazi, na vijiji vikaondoka kwenda kupiga kambi machimboni. Wanaume walichimba mashimo kufuata jiwe la kijani. Wanawake na watoto waliokota vipande, wakavitenga na mchanga, wakaviosha mtoni. Tanuru lilifinyangwa kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo huo umekwisha sagwa na mchwa na haupasuki motoni. Mivukuto ilikuwa ya ngozi ya swala, miwili miwili, na pumzi yake ilipita katika mrija wa udongo hadi kwenye kitovu cha makaa. Shaba iliyoyeyuka ilikusanyika chini, kisha ikayeyushwa tena na kumiminwa kwenye kalibu yenye umbo la msalaba. Yote hayo yalikoma mvua zilipokaribia, mwezi wa Oktoba hivi, watu wakarudi mashambani.

Sababu za mpango huo si za siri. Shimo la mchimbaji asiye na pampu hujaa maji mvua ya kwanza inaponyesha. Makaa mabichi na udongo uliolowa havitengenezi tanuru. Na mikono ileile inayochimba ndiyo inayolima, kwa hiyo haiwezi kuwa mahali pawili mwezi Desemba. Chumvi nayo ilifuata saa hiyohiyo. Katika chemchemi za Mwashia, kwenye bonde la Lufira, chumvi huonekana juu ya ardhi pale tu maji ya mafuriko yanapokwisha kurudi na jua likaikausha tope. Ndipo watu waliukwangua udongo wenye chumvi, wakauchuja kwa maji, wakayachemsha maji hayo vyunguni mpaka ibaki donge. Chumvi ya Mwashia ilitafutwa mbali sana, na kwa watu wa uwandani kuipata kulikuwa na maana moja: kushuka. Hivyo katika miezi ileile mitano au sita uwanda ulitoa shaba, bonde likatoa chumvi, ziwa likatoa samaki, na mito iliyokuwa haipitiki tangu Novemba ikarudi kuwa vivuko vya kutembea kwa miguu. Sioni namna ya kuuelewa mpango huo isipokuwa kwa kukubali kwamba kiangazi chenye baridi kilikuwa majira rasmi ya mwendo, kwa wenyeji wote, karne nyingi kabla ya injini.

Karne ya 19 inauthibitisha kwa njia ya uchungu. Msiri, mtoto wa mfanyabiashara wa Kisumbwa kutoka magharibi ya Tabora, aliifuata shaba ileile iliyomvuta baba yake, akajijengea dola ya Wayeke na kuuweka mji wake Bunkeya, chini kwenye tambarare ya Lufira. Uchaguzi wa mahali hapo una maana katika hoja yetu. Angeweza kukaa juu kwenye machimbo. Alikaa pale ambapo njia za kuteremka zinakutana, kati ya shaba ya uwanda na chumvi ya bonde, penye ardhi ya kulisha mji mkubwa. Misafara ya Waswahili kutoka pwani na ile ya kutoka Angola ilikutana barazani kwake. Mwishoni mwa mwaka 1891 ukaja msafara wa Kapteni William Stairs, uliotumwa na Mfalme Leopold wa Pili, ukiwa na wachukuzi wengi waliotoka Zanzibar na Mrima. Waliingia Bunkeya katikati ya Desemba, na tarehe 20 mwezi huo Msiri akauawa kwa risasi. Kilichofuata kinasimuliwa mara chache kuliko mauaji yenyewe. Mvua zilikuwa zimeanza, nchi ilikuwa na vita vya ndani na Wasanga, wenyeji waliokuwa chini ya Msiri, walikuwa wameasi, ghala zilikuwa tupu, na wachukuzi wa pwani wakafa kwa njaa na kuhara, wengi kuliko wale ambao vita vingewaua. Msafara mwingine, wa Bia na Francqui, uliofika mwanzoni mwa 1892, ulikuta njaa ileile. Myeke wala Msanga asingepanga safari ndefu kufika Bunkeya Desemba bila akiba. Wageni walifuata kalenda ya mashindano kati ya Leopold na Waingereza, na gharama yake ililipwa na watu wa Bagamoyo na Unguja ambao majina yao mengi hayakuandikwa popote.

Jules Cornet, mwanajiolojia wa msafara huo wa Bia na Francqui, ndiye aliyeiweka Kambove katika vitabu vya Ulaya. Mwaka 1892 aliyapitia machimbo ya wenyeji na kuyaeleza, na Kambove ilikuwa miongoni mwa yale makubwa zaidi, kilima kizima kilichochimbwa na vizazi visivyo na hesabu. Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Halmashauri Maalumu ya Katanga iliundwa 1900, kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga ikafuata 1906, reli kutoka kusini ikafika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, 1910, Kambove 1913, na Bukama 1918. Zingatia mstari huo wa mwisho. Wahandisi walikuwa na sababu zao: Bukama ndipo Lualaba inapoanza kubeba meli, na kutoka hapo bidhaa ziliweza kushuka hadi Kongolo, au kushika reli ya Kabalo kuelekea ziwa Tanganyika. Lakini njia waliyoifuata, kutoka Kambove kupanda Biano kisha kuteremka Lualaba, ilielekea kulekule ambako misalaba ya Sanga ilielekea. Hata mrithi wa ufalme wa Ubelgiji, Prince Albert, alipoizuru Katanga mwaka 1909 kabla ya reli, alivuka nchi katika miezi ya baridi, kwa miguu na kwa baiskeli, mpaka kwenye Lualaba na kuendelea na mto. Reli iliukuta mwendo, haikuuanzisha.

Hata hivyo reli ileile ndiyo iliyovunja desturi. Jambo hili nataka kulitilia mkazo, kwa sababu historia za Katanga hupenda kueleza ujio wa kampuni kama ufunguzi wa nchi, na kwa maana ya safari ulikuwa kufungwa kwake. Mgodi wenye pampu na mashine haumjui Mei wala Oktoba. Tanuru la Lubumbashi, lililoanza kutoa shaba 1911, lilitaka kulishwa kila siku, na Kambove ilikuwa moja ya vyanzo vyake vikuu. Kampuni ilihitaji watu wasioondoka. Tangu 1910 shirika la kuandikisha wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga, liliwatafuta mbali, na wengine walitoka Rhodesia ya Kaskazini kwa mikataba ya miezi michache. Mtu wa miezi sita alikuwa bado na mguu mmoja katika msimu wake: alikuja, akaondoka, akalima. Ndiyo maana kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliamua kumtuliza mfanyakazi kambini kwa mkataba wa miaka mitatu, na mke wake, na nyumba, na posho ya unga. Wasomi wengi wameusifu mpango huo kwa kupunguza vifo, na kweli vilipungua. Ila tuutazame pia kwa upande wa kalenda. Kwa mara ya kwanza tangu zama za makaburi ya Sanga, kukawa na watu wa Kambove ambao kipupwe kilipita juu yao wakiwa mahali palepale, zamu ya asubuhi, zamu ya mchana, zamu ya usiku, Juni sawa na Januari. Aliyetaka kuondoka kambini alihitaji karatasi. Na pale ugonjwa wa malale ulipohofiwa katika mabonde ya chini, ruhusa ya kusafiri iliongezewa na karatasi ya daktari.

Maji nayo yalifungwa. Mwaka 1930 bwawa la Mwadingusha, kwenye maporomoko ya Lufira ambayo wakoloni waliyapa jina la Cornet, lilianza kutoa umeme kwa viwanda vya Likasi, mji waliouita Jadotville. Nyuma yake likajaa ziwa kubwa lenye kina kifupi, Tshangalele, ambalo limefunika sehemu ya nchi iliyokuwa ikivukwa kwa miguu wakati wa kiangazi. Wavuvi walikuja kutoka pande nyingi, na hadi leo samaki wa ziwa hilo huliwa na bukari, yaani ugali, Likasi na Kambove. Ajabu ni kwamba maji yaliyowekwa kwa ajili ya mashine ndiyo yaliyokuja kuwa mahali pa kwanza ambapo familia za kambini ziliweza kwenda na kurudi kwa siku moja, pale gari lilipopatikana. Likizo ya leo nitaifikia hivi punde.

Kabla ya hapo kuna pingamizi linalostahili jibu la kweli. Mtu atasema: umechanganya kazi na mapumziko. Mchukuzi aliyebeba shaba kwenda Kisale hakuwa likizoni, na aliyekokotwa kwa mnyororo kutoka Bunkeya kwenda pwani hakuwa msafiri kwa maana yoyote ya heshima. Pingamizi hilo ni zito, na sehemu yake ya pili naikubali bila masharti. Biashara ya Msiri ilikuwa ya pembe na shaba, na ilikuwa pia ya watu. Njia ya kiangazi iliwapeleka watumwa kwa urahisi uleule iliowapeleka wanunuzi wa chumvi, na yeyote anayeisifu njia bila kuwataja hao anawadhulumu mara ya pili. Kuhusu sehemu ya kwanza nina jibu. Kutenganisha siku za kazi na siku za kupumzika kama vyumba viwili vyenye ukuta ni mazao ya kiwanda chenyewe. Katika jamii ya wakulima wa uwanda huu, kiangazi kilikuwa wakati ambapo jembe linalala, ghala limejaa, pombe ya mtama inapatikana, na kambi za machimboni zinakusanya vijiji ambavyo mwaka mzima havionani. Kuyeyusha shaba kulikuwa na matambiko yake, nyimbo zake na wakubwa wake. Msalaba uliopelekwa bondeni ulilipa mahari, maana yake ulipeleka pia ndoa, na ndoa huleta ugeni, na ugeni huleta safari nyingine mwaka unaofuata. Mtu aliyeshuka Mwashia alirudi na chumvi na habari. Sidai kwamba alikuwa mtalii. Ninachodai ni kwamba alikuwa na msimu wa kutoka, uliotambuliwa na wote, wenye mwelekeo uleule na faida ileile ya mwili, yaani kuiacha baridi ya juu. Likizo ya leo ni jina jipya la haki hiyo.

Pingamizi la pili linahusu baridi yenyewe. Je, tofauti kati ya Kambove na bondeni si ndogo mno kumfanya mtu afunge safari? Wastani wa kitaalamu ni kwamba hewa hupoteza nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kutoka Kambove hadi Bukama kuna mteremko wa mita 700 au zaidi, sawa na nyuzi nne au tano, na kwa mtu anayelala katika nyumba ya matofali ya kambi, yenye bati na bila moto, hizo si kidogo. Kuna jambo lisiloonekana katika wastani pia. Usiku wa kiangazi uwanda mkavu hutema joto lake lote angani, huku maziwa na mabwawa ya bondeni yakilitunza la kwao, kwa hiyo tofauti ya alfajiri huzidi ile ya mchana. Huko Biano, juu zaidi ya Kambove, nyasi huamka na jalidi baadhi ya siku za Juni na Julai. Na ardhi ya huko chini ina joto lake la ndani: Kiabukwa, katika eneo hilohilo la Upemba, kuna chemchemi ya maji yenye nyuzi 91, ambayo mwaka 1952 ilitumika kuendesha kituo kidogo cha umeme kwa ajili ya kampuni ya madini, cha kwanza cha aina yake barani Afrika.

Wazungu wenyewe waliisoma ramani hii kinyume. Kwao baridi ya uwanda ilikuwa baraka. Walijenga Jadotville na Élisabethville kwa imani kwamba Mzungu anaweza kuishi na kulea watoto hapo, na waliiogopa Bukama kwa malaria, malale na mbu wake. Aliyekuwa na likizo ndefu alikwenda Ulaya kwa reli na meli. Mwaka 1939 walitangaza Hifadhi ya Taifa ya Upemba, na mipaka yake ikayafunga baadhi ya maeneo ambamo watu walikuwa wakivua na kuwinda wakati wa kiangazi. Kwa hiyo wanaosema kwamba safari ya kuteremka ni mfano ulioigwa kwa Mbelgiji wanakosea hata kuhusu Mbelgiji. Alipopata nafasi, mara nyingi alipanda au aliondoka nchini kabisa.

Aliacha, hata hivyo, kalenda. Mwaka wa shule wa Kongo huanza Septemba na kufungwa mwanzoni mwa Julai, kwa mpangilio uliorithiwa kutoka Ubelgiji, ambako Julai na Agosti ni majira ya joto na mavuno. Katika kambi za Union Minière shule zilikuwa mikononi mwa wamisheni, Wabenedikto wa de Hemptinne wakiwa mbele. Natafakari sana juu ya jambo hili: mtu aliyeandika kwa uangalifu kuhusu Mei ya wayeyushaji ndiye ambaye misheni yake ilisimamia shule ambazo mwaka wake ulipangwa Ulaya. Hakuna dalili kwamba yeyote aliziona kalenda hizo mbili kuwa zinakutana. Lakini zilikutana. Likizo kubwa iliyotungwa kwa ajili ya jua la Flandria iliangukia katikati ya kipupwe cha Kambove, na miezi miwili ikafunguka tena palepale ambapo miezi mitano ilikuwa imefungwa. Watoto wakawa huru wakati barabara zimekauka. Wazazi wenye siku za mapumziko walizipanga zilingane na za watoto. Mjomba aliyebaki Bukama, bibi aliyebaki Bunkeya au Mwashia, wakaanza kupokea wageni Julai, kama kijiji kilivyowapokea zamani baada ya mavuno.

Mtu atauliza kama basi sifa si ya kalenda hiyo ya Ulaya, na hoja yangu ya ukale imekufa. Jibu liko katika kulinganisha. Likizo hiyohiyo inatolewa nchi nzima, Kisangani sawa na Kambove, na Kisangani iko karibu na mstari wa Ikweta, mahali ambapo Julai haina baridi ya kukimbiwa wala barabara zake hazisubiri mwezi huo. Kalenda ilitoa siku tu. Mwelekeo, yaani kwamba mtu wa uwandani hushuka Lufira au Lualaba badala ya kwenda popote pengine, ulitoka kwenye undugu, na undugu ulitoka kwenye ndoa, na ndoa zilikuwa zimefuata chumvi, samaki na shaba. Hata bendera ambayo Katanga ilipeperusha ilipojitenga mwezi Julai 1960 ilikuwa na misalaba mitatu ya shaba. Kumbukumbu ya biashara hiyo ilikuwa hai vya kutosha kuwekwa juu ya mlingoti, hata kama walioifanyia siasa hawakuwa na haja ya kukumbuka ilielekea wapi.

Reli ya Kambove na Bukama iliona safari nyingine ambayo haifai kurukwa. Kati ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa Katanga na watoto wa wafanyakazi walioandikishwa na kampuni enzi za ukoloni, walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Maelfu kwa maelfu walilala kwenye vituo vya reli wakisubiri mabehewa, kiangazi na masika, na wengi walifia hapo au njiani. Waliteremka kwa njia ileile ya Tenke na Bukama kisha wakaendelea hadi Kamina na Kasai. Nimesema kwamba uwanda una desturi kongwe ya kutoka. Desturi hiyo ilikuwa na kurudi ndani yake, Oktoba, pamoja na mvua. Kilichofanywa miaka ile kiliiondoa nusu hiyo ya pili, na watu wa Likasi wanaojua majirani zao waliishia wapi wanaelewa tofauti hiyo bila kuelezwa.

Tangu Gécamines, kampuni iliyoirithi Union Minière, ilipoporomoka katika miaka hiyo, mambo ya usafiri yamebadilika tena. Treni za abiria zimekuwa chache na za kuchelewa. Lami ya kutoka Lubumbashi hadi Likasi na Kolwezi imetengenezwa upya, na malori ya madini yameijaza. Wachimbaji wadogo wamerudi kwenye vilima vya Kambove wakiwa na sululu na koleo, na jambo la kutazamwa kwa makini ni kwamba msimu umerudi nao: shimo lisilo na pampu hujaa maji leo kama lilivyojaa wakati wa Msiri, kwa hiyo kiangazi ndicho kipindi chao cha kuchimba kwa wingi na mvua ni kipindi cha hatari. Ukiiacha lami na kushika njia ya Lufira, kuelekea Kiubo na Mitwaba, unaingia barabara ya udongo ambayo kuanzia Novemba hadi Machi hukatika kwa matope, na lori huweza kukaa siku kadhaa likisubiri kuvutwa. Dereva wa huko atakubali mzigo wa Desemba kwa bei nyingine kabisa, au ataukataa. Mwezi Julai hupita bila kuuliza.